Wimbo Niliomwimbia Baba Yako Mlangoni

Itetemia, Tabora
Mwezi wa nane

Kwa rafiki yangu Mwanne binti Nassibu,

Pokea salamu zangu huko Maskati, wewe, shemeji, na huyo binti yenu ambaye naambiwa sasa anakimbia na kuvunja vikombe. Natumaini mko wazima na shinikizo lako la damu limetulia. Sisi huku hatujambo. Wanangu wanasoma, mama mkwe bado anakohoa na bado anawasema majirani, kwa hiyo naye ni mzima. Upepo wa mwezi huu umetujaza vumbi hadi kwenye matundu ya magitaa, na kila asubuhi inabidi nipanguse kwanza ndipo nifundishe.

Barua hii nimempa Majidi, yule mwenye duka la vitambaa Kanyenye, anayekuja huko kufuata mzigo. Nimemwapisha akukabidhi mkononi, asimwachie mtu. Najua utashangaa, siku hizi nani anaandika barua. Lakini Mwanne, si wewe uliyenifungia simu? WhatsApp umenifungia, ya kawaida umenifungia, hata nilipoazima simu ya mwanafunzi wangu Wilbroad ulisikia sauti yangu ukakata. Ujumbe wako wa mwisho nimeusoma mpaka nimeukariri. Ulisema nimemdhalilisha baba yako mbele ya jeneza lake, nimemwita mwongo watu wakisikia, na kwamba mimi na wewe basi. Haya. Mimi naweza kulia nikanyamaza, maisha yakaenda. Nisichoweza kukikubali ni baba yako kubaki kaburini hujamsamehe, kwa sababu tu hukujua alichokuwa anakifanya kwenye baraza yangu mwaka huu. Soma mpaka mwisho, halafu ukitaka kusema basi, iseme tena.

Unakumbuka nilivyokuwa nakwambia siku moja nitaacha kupigia kwaya bure? Nimeacha. Nafundisha nyumbani, gitaa, besi na ukulele, mwanafunzi mmoja mmoja, na getini nimetundika kibao kinachosema umri wowote. Wanakuja watoto, wanakuja wamama wa kanisani, anakuja huyo Wilbroad anayepiga besi kwa nguvu mpaka kuku wanahama. Ninao pia Kulwa na Doto, mapacha wa darasa la tatu, mama yao amewanunulia ukulele moja tu wapigie kwa zamu, na zamu zenyewe zinaishia kwenye kuvutana nywele.

Basi siku moja, mvua za masika zikielekea kwisha, baba yako akaingia na baiskeli. Amevaa koti na ile kofia yake ya stesheni, utadhani bado kuna treni inamsubiri. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba mpagazi wangu, nikajua mzee leo kaja na utani wake mzima. Aliniuliza kama kibao kile kinasema kweli au ni uongo wa Kinyamwezi. Nikamjibu kwamba umri wowote maana yake ni watu walio hai, yeye Mzaramo aende kwanza akapimwe mapigo ya moyo ndipo aje kujiandikisha. Alicheka mpaka akashika ukuta. Wewe si mgeni wa mambo haya, ingawa Maskati imekuzoesha ustaarabu. Babu zangu walibeba mizigo kwa miguu kutoka hapa mpaka pwani, babu zenu wakawapokea na kuwapunja, na tangu hapo tunatukanana kwa raha na kuzikana kwa raha, na hakuna ruhusa ya kununa.

Nilimjaribisha gitaa. Vidole vilikuwa vimekakamaa, havizunguki kwenye shingo pana. Nikampa ukulele, yenye nyuzi nne na shingo nyembamba. Aliigeuza huku na huku, akaniuliza mama yake yuko wapi, maana hii bado inanyonya. Tokea siku hiyo jina lake likawa gitaa la kunyonya. Na nilipomwambia tutaanza na kodi mbili, yaani sauti kadhaa unazozipiga kwa mpigo mmoja, akasema yeye kodi kalipa tangu ujana wake, sasa ni zamu ya serikali kumlipa yeye. Ndivyo tulivyokwenda. Kila akija ni matusi mwanzo mwisho, na mimi, Mwanne, nilikuwa nazisubiri siku zake kuliko za mwanafunzi mwingine yeyote.

Lakini hakuwa anajifunza kwa mchezo. Watu wazima wengi wanakuja kwangu wakiwa na hamu, ncha za vidole zikianza kuuma wanapata safari. Yeye zilimuuma, zikavimba, zikaota sugu, na bado akaja. Ikabidi nimuulize anatafuta nini. Aliangalia barabarani, kisha akasema anaweka utani chini. Akishasema hivyo mzee wa watu, nawe unauweka. Akaniambia hataki kuwa mwanamuziki, hataki nyimbo nyingi. Anataka wimbo mmoja tu, aupige kwa mkono wake na kuuimba kwa mdomo wake, akutumie wewe.

Hapa najua naingia penye kidonda. Nisamehe, sina pa kupitia pengine.

Mama yako alipofariki ulikuwa na mimba ya miezi ya mwisho na presha imepanda, madaktari wamekulaza. Ukoo ulikaa, na baba yako ndiye aliyekata shauri kwamba usiambiwe mpaka ujifungue. Akapita nyumba kwa nyumba kuwaomba watu wafunge midomo, na mji wote ukafunga, mimi nikiwamo. Ya kwangu tulishayamaliza, ulinitukana nikatulia, ukanisamehe. Ukawa ukipiga simu unaambiwa mama kalala, mama kaenda Tura kwa dada yake, mama simu yake imeharibika. Ukajifungua, na bado hakuna aliyekuwa na moyo wa kuanza. Ukamtumia mama dera la Idi. Baba yako akalipokea, akakwambia limempendeza. Mpaka siku uliyokutana na mwanamke wa Tabora harusini huko huko Maskati, akakushika mkono akakupa pole ya mama.

Ulimpigia baba ukamuuliza. Akakujibu kwamba walifanya vile kwa faida yako. Ukakata simu, na hukumpigia tena.

Mwanne, lile neno la faida lilimtafuna yule mzee. Aliniambia siku ile alitaka kusema kitu kingine kabisa, ila kinywa kilikwenda chenyewe. Alisema maisha yake yote ametangaza treni, kwa hiyo akifungua mdomo kwenye jambo kubwa anatangaza: treni imechelewa, abiria wanaombwa kuwa wavumilivu. Alijaribu kukurekodia sauti kwenye simu. Akirekodi anajisikiliza, akijisikiliza anafuta. Alisema kila akijisikia anaona ni mkuu wa stesheni anaongea, baba hayumo. Na kwetu hapa unajua, baba kumwambia mtoto nisamehe ni kitu ambacho wengi wetu tunazeeka hatujakisikia hata mara moja. Ndipo akafikiria wimbo. Kwenye wimbo, alisema, mtu anaweza kujisema bila kujitetea.

Maneno hayakumsumbua. Kazi ilikuwa mkono na mdomo. Hili ni tatizo la kila anayeanza, watoto wanalishinda haraka, wazee linawasumbua. Mkono ukienda, mdomo unanyamaza. Mdomo ukifunguka, mkono unaganda juu ya nyuzi. Baba yako alikuwa anaganda hivyo hivyo, mdomo wazi, anautazama mkono wake kana kwamba ni wa jirani. Kulwa na Doto wanamcheka, na yeye anawaambia wacheke taratibu, wasije wakamaliza kicheko kabla hajawa stadi.

Nilimshauri mimi nipige, yeye aimbe tu. Akakataa. Alisema utajua kuna mkono wa mtu mwingine humo ndani. Nikamshauri aimbe bila chombo. Akajaribu, na kusema kweli lilikuwa tangazo lile lile, safari hii limevutwa mwisho. Mapigo ya ukulele ndiyo yaliyokuwa yanailainisha sauti yake, kwa sababu ilibidi ayasubiri, asiweze kuamrisha. Basi tukaendelea. Nilimfundisha kupiga huku anahesabu, kupiga huku anataja majina ya stesheni kuanzia Dar es Salaam kuja huku. Mkono ulipita Morogoro, ukapita Dodoma, lakini ukifika kwenye jina lako unakwama.

Kuna alasiri moja mambo yalikubali. Kulwa na Doto walikuwa mkekani wakigombana kama kawaida, mimi nimesimama na ufagio. Akaanza ubeti wa mwisho, mkono ukaenda, mdomo ukafunguka, na mkono haukusimama. Aliuimba wote. Wale watoto waliachiana wenyewe wakamgeukia. Mimi simu yangu ilikuwa jikoni kwenye chaji, na hata ingekuwa mkononi nisingeikumbuka, maana nilikuwa nimejiziba mdomo nisilie kwa sauti. Alipomaliza, akaifuta ukulele kwa kofia yake, akasema yatosha kwa leo, asije akauchosha. Atakuja kesho amevaa kanzu safi, nimrekodi na picha, kwa sababu huenda ukataka kumwona alivyozeeka.

Kesho yake hakuja. Nilipomfuata nyumbani kwake Kanyenye nikakuta wamempeleka hospitali. Miguu ilikuwa imevimba muda mrefu, alikuwa anaifunika kwa soksi na suruali ndefu ili asiwape watu kazi. Mzee wa kuficha yule! Nilimgombeza pale pale kitandani, nikamwambia Mzaramo hata ugonjwa anaufanyia magendo. Akatabasamu, lakini pumzi ilikuwa fupi.

Siku iliyofuata nilikwenda na simu nikamwomba nimrekodi hata mistari miwili. Alikataa kabisa, Mwanne, na hili nataka ulishike. Alisema hataki umsikie akihema. Utadhani anakutisha kwa kifo ili umsamehe, nawe utasamehe kwa woga, na msamaha wa woga hautaki. Akaniomba utani uwekwe chini tena, akaniagiza mambo mawili. La kwanza, akifa usifichwe, hata saa moja. Wakikaa kikao wakataka kukuficha, mimi nisikae nao. La pili nitakueleza mbele kidogo.

Alifariki asubuhi, watu wakinywa chai. Nilifika msibani nikakuta wazee wameshakaa na kaka yako Issa, na wameshakubaliana usiambiwe mpaka wakishazika, kwa sababu mtoto wako alikuwa na homa na wewe huna mtu huko. Hawakuwa na nia mbaya. Ndivyo tulivyozoea, tunamficha mtu msiba kama tunavyomfunika mtoto shuka. Nilitoka nikazunguka nyuma ya jiko, nikakupigia. Unakumbuka ulichonijibu. Ulisema kwako wewe baba alikwisha kufa siku uliyopewa pole ya mama, kwa hiyo nisikusumbue. Lakini kabla hujakata nilikusikia ukilia, kwa hiyo usinidanganye.

Sasa tuje kwenye jeneza, maana ndipo ugomvi wetu ulipo.

Watani tulikuwa tumejaa, kama ilivyostahili. Mzee Ngollo alivaa kofia ya baba yako na koti lake, akasimama mlangoni na bendera nyekundu, akakataza jeneza lisitoke, eti njia haijafunguliwa na mkuu wa stesheni kalala kazini. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Hata Issa alicheka, nilimwona. Ngollo akapewa chake, akachukua bendera ya kijani, akaipandisha. Hapo ndipo mimi nilipotoka upande wa wanawake na ukulele yangu, nikasimama kizingitini, nikapiga zile kodi mbili, nikaimba. Na haya ndiyo niliyoimba, Issa hakunisingizia:

Nassibu wa stesheni, treni zote alizipigia kengele,
ya mkewe ilipoondoka, kengele akaificha.
Mji wote tulisindikiza, mji wote tukarudi,
ila binti yake mmoja hakuambiwa imeondoka.

Dera la Idi lilifika, nani alilivaa?
Nassibu alilikunja, akasema limempendeza.
Mwongo mzee, mwongo mzee, na kanzu yake nyeupe,
mwambieni asimame, mtoto anamwuliza.

Kicheko kilikatika. Utani wa Ngollo ulikuwa wa kazi na kofia, wangu uliingia chumbani kwa watu. Nilisikia wanawake nyuma yangu wakisema Recheli kapitiliza, mwingine akanivuta kanga. Nikavuta pumzi niendelee, Issa akanifikia akaichukua ukulele mkononi mwangu. Hakunipiga wala hakunitukana. Aliniambia tu kwa sauti ya chini kwamba nimwache baba yao apumzike, kisha akatoa ishara jeneza litoke. Simlaumu. Ningekuwa mimi nimebeba baba yangu begani, halafu mtu anisimamie mlangoni na maneno yale, sijui ningefanya nini. Jeneza likatoka, wanaume wakaondoka nalo, na mimi nikabaki na wanawake ambao hawataki kunitazama. Jioni ile ile nikapata ujumbe wako.

Sasa nisikilize, rafiki yangu. Maneno yale hakuna hata moja lililo langu.

Aliyatunga yeye. Aliyatunga hapa kwenye baraza yangu, mstari kwa mstari, na mimi ndiye niliyekuwa namzuia. Pale penye mwongo mzee tuligombana karibu tusiongee. Nilimwambia hawezi kujiita hivyo, mtu mzima, mhudhuriaji wa msikiti, anayeheshimika Kanyenye nzima. Akanijibu kwamba amelitafuta neno jingine akalikosa. Na agizo lake la pili pale hospitali lilikuwa hilo: kama hatawahi kukuimbia mwenyewe, mimi mtani wake niuimbe mlangoni siku atakayotoka, mbele ya watu wote, nisiupambe na nisiueleze. Nilimwuliza kwa nini mbele ya watu, kwa nini nisikutumie wewe peke yako. Akasema alikukosea mbele ya watu. Mji mzima ulijua ila wewe, ukawa unatuma zawadi na watu wanakutazama kwa huruma bila wewe kujua. Kwa hiyo na yeye aaibike mbele ya mji huo huo, ndiyo haki yako. Na pale mlangoni, alisema, mtani peke yake ndiye anayeweza kulisema asipigwe.

Utaniuliza kwa nini sikumweleza Issa baadaye. Aliniagiza nisieleze, na mimi nilidhani sitahitaji kueleza. Nilidhani nitaumaliza wimbo. Ubeti wa mwisho ndio uliokuwa unafungua kila kitu, kwa sababu hapo haimbwi tena Nassibu fulani, anaimba yeye. Ungeimbwa ule, kila mtu pale angejua ni nani anayesema. Issa akaniwahi. Kwa hiyo Tabora imesikia matusi tu, na wewe umesimuliwa matusi tu. Ule ubeti tumeusikia mimi na Kulwa na Doto, siku ile alasiri, basi. Wale watoto wanaimba sauti yake mpaka leo wakiwa wanapokezana ukulele, lakini maneno hawayajui vizuri. Anayeyajua ni mimi.

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa na hasira na wewe. Nilijisemea kama hutaki kunisikiliza, shauri yako. Kisha juzi nilikuwa nafundisha mama mmoja kodi zile zile mbili, mkono wake ukaganda alipofungua mdomo, nikashindwa kuendelea na somo. Nikamwomba radhi akaenda zake, nikatafuta karatasi.

Ubeti wenyewe ni huu. Kaa chini kwanza.

Mwanne, huyo Nassibu ni mimi, baba yako.
Nilisema kwa faida yako, ilikuwa faida yangu,
niliogopa kukusikia ukilia nami siwezi kukufikia.
Mama yako alikuita siku ile, alikuita mpaka mwisho,
jina lako nilikaa nalo, sikukupa.
Lichukue mwanangu, ni lako. Nisamehe.

Hilo la mama yako kukuita hakuna aliyelijua, Mwanne. Baba yako alikuwa naye peke yake chumbani. Mimi nilipolisikia mara ya kwanza niliangusha ufagio. Nilimwuliza kama ni kweli au ni maneno ya wimbo. Akasema mama yako alikuwa haongei tangu jana yake, na alipofungua kinywa alisema Mwanne, akapumzika, akasema Mwanne, mpaka sauti ikaisha. Alisema ndicho kilichomfanya ashindwe kukwambia hata baada ya kujifungua, kwa sababu angeanza kusema habari ya kifo na wewe ungemwuliza mama alisema nini.

Issa sijamwambia. Ndugu zako wengine hawajui, shangazi zako hawajui, jirani hata mmoja hajui. Nimeona safari hii wa kwanza kuambiwa uwe wewe. Ukitaka wajue utawaambia mwenyewe, na kama hutaki, mimi nitaendelea kuwa yule Mnyamwezi aliyemtukana Mzee Nassibu mlangoni, nimeshazoea wananipita sokoni bila salamu.

Nisalimie shemeji, umwambie bado namdai ile halua aliyoniahidi. Mkumbatie binti yako kwa niaba yangu, na usimchape kwa vile vikombe. Mama mkwe anakusalimu sana, anasema hata wakikuambia nini, yeye anakuombea kwa Mungu kila siku. Mungu awarehemu wazazi wako wote wawili, akupe wewe usingizi mzuri leo.

Ni mimi mtani wako, ukipenda usipende,

Recheli Masolwa